Foo Wili ya Harusini

Ukitaka foo wili ya mtumba isiyokamua mfuko, msikilize dalali. Atakuonyesha redio, tinti na picha ya faru kwenye kifuniko cha spea tairi. Usiiname kuangalia chesisi. Kutu haipendi kuchunguliwa, hasa ya gari lililokulia kwenye theluji na chumvi za barabara za Hokkaido. Gia nzito ya kupandia milima nayo usiulize. RAV4 ina 4 kwenye jina, yatosha, ingawa nyingine zilitoka kiwandani zikivutwa na magurudumu mawili tu ya mbele. Suzuki Jimny? Achana na kiberiti kile! Chesisi ya ngazi kinayo, gia nzito kinayo, uzito tani moja hivi, lakini harusini utashukaje? Masika yakianza Kilombero, mwenye kiberiti ndiye atakayekuvuta. Beba kamba yako mwenyewe.