Namna ya Kuulizia Vita Barazani na Bado Ukamiminiwa Kahawa

Kila baraza la kahawa lina mtu wake wa vita. Wenzake wanabishana kuhusu Simba na Yanga, yeye anasubiri kelele zipungue, kisha anarusha swali: "Hivi ni kweli pale Tanga Waingereza walitimuliwa na nyuki?" Baada ya hapo siku ile hakuna tena mpira. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na majirani zake wanaolazimika kumjibu. Mtu huyu ana thamani kubwa. Bila yeye, vita vilivyopigwa kwenye ardhi hii tungevisikia darasani tu, tena siku moja kabla ya mtihani. Ninachomwomba ni asikomee kwenye nani alimpiga nani, kwa sababu vita vyetu vingi viliamuliwa na unga, na waliokuwa wameubeba huo unga hawaulizwi kabisa.

Tuanze na swali la nyuki, lijibiwe watu wapumue. Nyuki walikuwepo. Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alifika Tanga kwa meli na kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000. Tarehe 4 mapigano yalipopamba moto kwenye mashamba yaliyo kati ya Ras Kasone na mji, makundi ya nyuki yalichafuka na kuwavamia watu. Waliuma pande zote mbili. Ile hadithi kwamba Mjerumani alitega mizinga ya nyuki kwa nyaya ni utamu ulioongezwa baadaye.

Ukishajibiwa hivyo, usiondoke. Uliza: watu 8,000 walishindwaje? Hapo ndipo pana mambo. Kabla ya kushusha askari, nahodha wa manowari Fox aliingia bandarini na kutoa taarifa kwamba mji usalimu amri, kisha yakapita masaa mengi bila shambulio. Ndani ya masaa hayo reli ya Usambara ilikuwa ikishusha askari wa Lettow kutoka upande wa Moshi. Wale wa Aitken walikuwa wamekaa majini kwa wiki kadhaa, wengi wamechoka na kuugua bahari, baadhi hawajazoea hata bunduki walizopewa. Walipokimbilia melini waliacha ufukweni bombomu, bunduki za kisasa kwa mamia na risasi zaidi ya laki tano. Lettow alipigana na silaha hizo kwa muda mrefu. Mwambie mtu wako wa vita kwamba treni ilifanya kazi kubwa kuliko nyuki, halafu umwongezee kahawa, maana atakuwa ameumia.

Hatua inayofuata inahitaji kalamu. Mtu akisema "jeshi lilienda Morogoro", mshike shati umuulize lilikula nini njiani. Usimwachie mpaka mpige hesabu pamoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 1916, Jenerali Jan Smuts wa upande wa Waingereza alipoivamia koloni ya Wajerumani kutoka kaskazini, farasi na ng'ombe wake walikufa kwa ndorobo, na magari yalizama kwenye tope la masika. Akabaki na kichwa cha binadamu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na posho yake ni kilo moja kwa siku. Ghala liko safari ya siku 10 kutoka mstari wa mbele. Akienda anakula kilo 10, akirudi anakula kilo 10. Anachompelekea askari ni kilo 5. Kwa hiyo ukitaka kuwapa askari 1,000 kilo moja moja kila siku, unahitaji wapagazi 200 wafike kila siku, na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 20, njiani lazima wawepo wapagazi 4,000. Hapo hujabeba risasi hata moja, wala dawa, wala hema la ofisa. Sogeza ghala hadi siku 12 na nusu, na mpagazi anafika akiwa na chakula cha kumrudisha alikotoka tu, askari anaangaliwa macho.

Sitanii ninaposema hesabu hii inafaa kufundishwa kabla ya jina la jenerali yeyote. Inaeleza kwa nini wanajeshi wa Smuts walifika Morogoro Agosti 1916 wakiwa na njaa na homa. Inaeleza pia kwa nini Waingereza walilazimika kukusanya wapagazi wapatao milioni moja katika kipindi chote cha vita, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia, Sierra Leone na humu humu Tanganyika kadiri walivyokuwa wakiiteka. Wengine walienda kwa mshahara. Wengi walikamatwa. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo tunabishania bei ya viatu, ilikuwa kambi yao.

Sasa uliza walikufa kwa nini. Mtu wa vita atadhani ni risasi. Wengi waliuawa na tumbo na mapafu: kuhara damu, kichomi, malaria. Watu waliokulia kwenye ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, wakafika kambini usiku, kuni zimelowa, wakala ugali mbichi. Utumbo ukakataa. Hesabu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, na hizo ni zile tu zilizoandikwa. Upande wa Wajerumani, waliobebeshwa mizigo walikamatwa kijiji kwa kijiji, na kwa walio wengi hakuna aliyejisumbua kuandika jina.

Swali la tatu halikosekani: "Lakini von Lettow hakushindwa, au vipi?" Hili huulizwa kwa sauti ya kumpenda mtu. Ni kweli alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Habari ya kusitisha vita ilimkuta njiani, siku chache baada ya tarehe 11, akiwa bado anasonga mbele baada ya kuuteka Kasama. Askari wake zaidi ya 1,100 walikuwa bado na silaha. Mwaka 1919 akapita Berlin akishangiliwa.

Usibishe juu ya hayo. Uliza alikuwa akila kwa nani. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, alivuka Ruvuma mwezi uliofuata kwa sababu upande huu risasi na chakula vilikuwa vinakwisha. Alikula maghala ya Wareno, kisha mashamba ya wakulima wa Msumbiji, kisha akarudi huku, akakatiza kuingia Rhodesia. Jeshi lisiloshindwa kwa miaka minne lilikuwa kama nzige: linaishi kwa kuhama, na penye vihenge vitupu ndipo lilipopita. Gavana Heinrich Schnee aliona mapema kwamba vita vitaiangamiza koloni, akajaribu kuizuia Tanga isipigane. Kamanda akampuuza. Na huyu Lettow tunayesimuliwa kuwa muungwana wa porini alikwisha kutumikia Namibia kuanzia 1904, katika vita ambavyo Waherero na Wanama waliangamizwa. Mwambie hivyo anayempenda. Kwa upole, lakini mwambie.

Ukifika Dodoma, badilisha swali kabisa. Usiulize vita, uliza Mtunya. Ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa iliyofuata baada ya jeshi la Wajerumani kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao, na kisha jeshi la Waingereza kuja kuchukua vilivyobaki, huku mvua nazo zikikataa. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika jamii ya watu 150,000. Mmoja kati ya watano. Hapakuwa na pambano kubwa Ugogo, ndiyo maana ramani za vita zenye mishale mizuri hupita pale bila kusimama. Mishale hiyo imepita juu ya makaburi.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa kicheko, na hapa nakuomba uwe mkali kidogo: "Wazee wetu waliaminije kwamba maji yatazuia risasi?" Anayeuliza hivyo kuhusu Majimaji mpe kahawa baridi. Mwambie aanzie na pamba. Katika nchi ya Wamatumbi watu walilazimishwa kulima shamba la serikali ya Wajerumani wakati mashamba yao wenyewe yanasubiri jembe, na malipo yake yalikuwa kicheko. Julai 1905 waling'oa mimea ya pamba kule Nandete, na huo ndio ulikuwa mwanzo. Dawa hiyo ya maji, ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliwapa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine sababu ya kusimama pamoja, watu ambao awali hawakuwa na kiongozi mmoja wala jeshi moja. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905 na vita vikaendelea karibu miaka miwili bila yeye. Swali linalostahili kuulizwa ni jinsi habari ilivyosambaa upesi hivyo, kwa miguu, kutoka bonde la Rufiji hadi Ungoni.

Halafu rudi kwenye unga, maana huko ndiko kulikoamuliwa. Utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen ulichoma mashamba na maghala ili njaa imalize kilichoshindikana kwa bombomu. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Mtu akikusifia meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, ikaletwa kwa masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa na Waingereza miaka ya 1920, msikilize kwa furaha, ni hadithi nzuri kweli. Ila mkumbushe kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen.

Maswali ya "ingekuwaje" nayo yapo, na yanaweza kula usiku mzima. "Ingekuwaje Mkwawa angekuwa na mizinga?" Alikuwa nayo. Lugalo, Agosti 1891, Wahehe wake walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski, wakamuua na kuchukua bunduki na mizinga yake. Ngome ya Kalenga ilianguka hata hivyo mwaka 1894, na Mkwawa akaendelea porini hadi 1898. Ukitaka "ingekuwaje" yenye mashiko, uliza nani angemletea baruti. Vita vya Zanzibar vya 27 Agosti 1896 vipitie haraka: havikufika saa moja, jumba la sultani lilipigwa na Waingereza kutoka baharini, mwenyewe Khalid bin Barghash akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Watu husimulia dakika tu. Upande wa sultani waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500.

Mwisho kuna adabu ya kumuuliza mzee, na hapa wengi huharibu. Usifike na "walikufa wangapi kwenu?" Amkia kwanza. "Shikamoo babu." Kaa. Uliza amelima nini mwaka huu, uliza mvua. Kisha: "Babu, hapa kijijini kuna mtu wa zamani aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya Wazungu akakosa kurudi?" Mara nyingi jibu litakuwa na jina la ukoo, na jina la mto, na shamba lililobaki bila mwenyewe. Likitoka jina, andika. Nina sababu ya kusisitiza hilo. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni ya mtu mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi angalau imemweka mpagazi kando ya askari. Lakini majina? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliotumikia majeshi ya Uingereza, wengi wao Waafrika, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwafikia jamaa zao.

Kwa hiyo ukienda kijijini Desemba, pamoja na mchele na sukari chukua daftari. Andika jina la aliyeondoka, la baba yake, kijiji, na chifu au jumbe aliyemtoa. Kama wanakumbuka alivaa nini au alimwachia nani mbuzi zake, andika na hilo. Mwaka wakikosea, usiwasahihishe mbele za watu.