Mashimo Mawili Kwenye Mchicha

Waya ndio ulioanzisha yote. Mashine ya Baba Neema ya kutafutia dhahabu ni Minelab GPX 5000, aliyoinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa akihama Makongolosi. Betri yake hubebwa mgongoni, na hedifoni huchomekwa kwenye hiyo hiyo betri. Akiinama kuchimba, waya unamvuta kichwa. Akipita kwenye miiba, unanasa. Karibu na sikio la kushoto ulishakatika na kufungwa solotepu, na sauti ya upande huo ilikuja ikijisikia.

Spika ya nje, kwa hapa Chunya, haifai. Mashine ikilia porini watu wote wakasikia, hujainua hata sururu umeshazungukwa. Dhahabu inatafutwa Lupa tangu 1922, na watu wa huku wanaujua mlio wa punje kama wanavyoijua kengele ya shule.

Na mlio wenyewe si kitu cha kuchezea. Mashine ya aina hii haikai kimya. Inavuma chinichini muda wote. Punje kubwa ikiwa karibu, hata mtoto ataisikia. Lakini ndogo, au iliyolala chini sana, inautikisa tu ule mvumo: unapanda kidogo, unashuka, basi. Ada za shule hapa nyumbani zimelipwa na mitikisiko ya namna hiyo, ndiyo maana habari ya hedifoni kwetu ni habari ya nyumba nzima.

Shemeji alipokuja likizo kutoka Mbeya mjini alimletea kaka yake zawadi: hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth, pamoja na kidude cha kuchomeka kwenye betri ili kirushe sauti. Jioni ile zilizunguka masikio ya kila mtu. Neema akatazama katuni, shemeji akasikiliza muziki, besi inapiga mpaka kifuani. Hakuna aliyeona kasoro.

Baba Neema akasema lazima zijaribiwe nyumbani kabla ya kwenda porini. Akaniomba hereni moja ya dhahabu, nikampa, maana kujaribu kwa msumari hakukuonyeshi dhahabu inavyolia. Neema akatumwa kuifukia kwenye bustani bila kuweka alama, baba yake akiwa ameelekea ukutani.

Mvumo ukatikisika mapema tu. Alipopunga sahani ya mashine kwenda kulia, akasikia mlio, akaweka kijiti. Aliporudi kushoto, akasikia tena, lakini si pale penye kijiti. Akaweka cha pili. Akarudia, na majibu yakawa yale yale. Shemeji akaamua kwamba vitu ni viwili. Wakachimba kwa kulia, hola. Wakachimba kwa kushoto, na hapo jembe likakata bomba la maji. Bomba la plastiki mashine haiwezi kukuonya.

Maji yaliruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Shemeji akakimbilia koki kwenye mita, akakuta imeshika kutu, na mpaka ije ifungike mchicha wangu wote ulikuwa umelala kwenye tope. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumgombeza mtu. Alitazama mashimo yale, akatazama ukanda wa udongo uliobaki katikati yake, upana wa kiganja tu, akasema, "Mwanangu, hapo kati mmepaachia nani?"

Baba Neema akachomoa kile kidude, akarudisha hedifoni za zamani zenye solotepu, akapitisha sahani. Ikalia pale pale kati, kwenda na kurudi. Neema akaingiza mkono kwenye tope na kuitoa hereni.

Usiku ule Baba Neema alikaa na karatasi, na alichokiandika nimekihifadhi. Sauti ya Bluetooth ya kawaida hufungashwa, hurushwa, kisha hufunguliwa sikioni, na safari hiyo inaweza kuchukua milisekunde 200. Ukiwa unapunga sahani kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, sikio linapopata habari mkono umeshapita sentimita 20. Ukienda kulia, mlio unaangukia kulia. Ukirudi, unaangukia kushoto. Kitu chenyewe kimelala katikati. Hata ukipunguza mwendo kwa nusu, unakosea kwa sentimita 10. Muziki hauna shida hiyo, kwa sababu hakuna cha kuulinganisha nao. Kwenye katuni, simu yenyewe huichelewesha picha iende sawa na sauti. Ardhini hakuna wa kukusubiri.

Kwa hiyo alipokwenda kununua nyingine hakuulizia besi wala urembo. Aliulizia ucheleweshaji. Zipo zenye mfumo wa aptX Low Latency, ambao ni kama milisekunde 40, yaani sentimita 4 kwa mwendo ule ule, na jembe linaweza kuivumilia hiyo. Sharti ni kwamba kidude cha kurushia na hedifoni vyote viwe na mfumo huo. Kimoja kikikosa, vinarudi kwenye mwendo wa kawaida bila kukuambia. Watengenezaji wa detekta nao wana mifumo yao: Wi-Stream ya Minelab na Z-Lynk ya Garrett hutajwa kuwa na milisekunde 17, chini ya sentimita 2. Yeye alichukua aptX, kwa uwezo wa mfuko wetu, akahakikisha pia kwamba hazijizimi sauti ikiwa ndogo. Hedifoni inayodhani mvumo ule ni ukimya itakulaza njaa.

Zile za kwanza ni za Neema na katuni zake. Za waya zinabaki kwenye begi, kwa siku ambayo chaji itaisha mbali na umeme.

Mama mkwe naye alizivaa mpya, zikamfunika masikio yote mawili, akazivua haraka. Akauliza mtu aliyezibwa hivyo atamsikiaje nyoka majanini. Swali lake lilikuwa la haki, na mimi nikaliunga mkono. Tukakubaliana Baba Neema haingii porini peke yake. Shemeji ameongeza siku za likizo, anatembea nyuma yake na fimbo.