Waganga wa Kichwa Kimoja

Mapunye yaliingia nyumbani kwetu Mandewa, Singida mjini, yakiwa yamepanda kichwa cha mwanangu wa darasa la pili. Kabla sijavaa viatu twende zahanati, ua ulishajaa madaktari. Jirani wa kulia kaja na kitunguu saumu kilichotwangwa. Wa kushoto, fundi pikipiki, kaja na oili chafu, akaapa kwamba ng'ombe wa baba yake kule Ikungi walipakwa hiyo hiyo wakapona. Mtoto akauliza kama ng'ombe hao walikuwa wanasoma.

Mama mkwe, aliyetoka Kiomboi kutusalimia tu, akaomba wembe. Mapunye hukwanguliwa mpaka yatoe damu, alisema, ndipo ndimu iingie vizuri. Mkwe habishiwi. Nilimficha mgonjwa chooni, tukatokea mlango wa nyuma.

Zahanati tuliambiwa kuwa fangasi wa kichwani hujichimbia ndani ya unywele wenyewe, krimu ya kupaka haiwafikii. Dawa ni vidonge vya griseofulvini, wiki sita mpaka nane bila kuruka, tena vimezwe na chakula chenye mafuta ndipo mwili uvinyonye sawasawa. Kumwambia mtu wa Singida ale mafuta! Huku madumu ya alizeti yanakupungia mkono kila kona ya barabara.

Wakati huo kitana cha nyumbani kilikuwa kimeshazunguka. Dada mtu naye akaota mapunye, mimi nikapata choa kiunoni, hata paka akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Choa changu kilikuwa chepesi: klotrimazoli asubuhi na jioni, na kuendelea kupaka hata alama ikishafutika. Shemeji yangu, naye akiwa na choa chake, aliona huo ni uvivu wa dawa. Akajipaka krimu ya mkewe ya kung'arisha uso, yenye steroidi. Muwasho ukatulia upesi, akatucheka. Kisha duara lililokuwa dogo kama shilingi likarudi likiwa limefika mgongoni.

Mama mkwe alikabidhiwa kukaanga mayai ya kumezea vidonge, na wembe ukasahaulika. Nywele za mjukuu zilipoanza kuchomoza, alipiga simu Kiomboi kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: mtoto kapona kwa alizeti ya shamba lake. Vidonge hakuvitaja.

Juzi kuna mtu wa huko kaagiza chupa. Anasema ni ya kupaka kichwani.