Sifa za Jicho la Simbilisi

Waacheni malenga wasifu mwezi na macho ya wapenzi wao. Mimi nalisifu jicho la simbilisi, tena si lile zima linalong'aa. Nalisifu lililovimba, jekundu, lililogandana kwa tongotongo, ambalo watoto huligundua tarehe 20, mshahara umeshakwisha.

Nalisifu kwanza kwa ukweli wake. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa tangu milima ya Andes, naye anajua kwamba anayeonyesha ugonjwa ndiye anayekamatwa wa kwanza. Hivyo huugulia kimyakimya huku akijifanya anatafuna. Jicho halijui unafiki huo. Meno yake hayakomi kuota maisha yake yote, magego nayo, na mizizi ya magego ya juu imepakana na tundu la jicho. Gego likifanya jipu, jicho ndilo linalosukumwa nje kutoa habari. Basi unaingia kwa daktari wa mifugo na jicho, unatoka na picha ya eksirei ya kichwa kinachoenea kiganjani. Nani mwingine anakupa magonjwa mawili kwa safari moja?

Tena lina mambo ya kuonyesha. Nyasi kavu ndizo zinazosaga meno hayo yasirefuke, kwa hiyo hazikosi bandani. Na ncha ya nyasi hizohizo ndiyo inayomchoma jichoni. Daktari, akishaelezwa kwamba huyu si sungura, hutia tone la rangi, huzima taa, humulika kwa mwanga wa buluu, na kidonda kikawaka kijani. Nimewahi kulipia sinema mbovu kuliko hiyo, ingawa hakuna iliyokuwa ghali hivyo. Mnyama mwenyewe tulimpata kwa bei isiyofika ya kuku.

Limekomesha pia udaktari wa sebuleni, jambo ambalo mabango ya hospitali hayajaliweza. Shemeji yangu alileta matone yaliyobaki alipougua macho mekundu. Kumbe matone yenye steroidi huzuia kidonda cha jicho kupona. Shangazi akaleta amoksilini ya mwanawe. Simbilisi akiinywa, inaua bakteria wema wa tumboni mwake, kisha naye huwafuata. Sasa nyumbani kwetu hakuna anayegusa dawa bila kuuliza. Nimemwona hata mwanamume mmoja, ambaye wanawe walipokuwa wachanga hakuamka usiku hata mara moja, akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kumviringisha simbilisi kwenye taulo na kumtia matone. Jina lake nalihifadhi.

Bibi yetu wa Njombe, ambako simbilisi hufugwa jikoni na huliwa, hauoni utukufu huu. "Mjukuu wangu," aliniambia, "jicho la huyo dawa yake ni chumvi na sufuria." Nilimjibu kwa heshima kwamba tuna deni. Mwaka 1907 kule Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakawaona wakipatwa na kiseyeye cha mabaharia, kwa sababu mnyama huyu, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Walipopewa mboga mbichi, wakapata nafuu, na utafiti wa kiseyeye ukafunguka. Risiti ya daktari, nikasema, ni marejesho tu. Bibi akauliza kwa nini wasilipe hao Wanorwei.

Nakuja kwenye wingi wake. Simbilisi hapendi upweke, kwa hiyo hufugwa wawili, nao ni macho manne, na bakteria aitwaye Chlamydia caviae huyatembelea yote bila ubaguzi. Ikiwa wawili hao ni dume na jike, hesabu haiishii hapo. Mtoto wa mbwa humpa mwenye nyumba wiki mbili hivi za kupumua kabla ya kufumbua macho. Mtoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya kamili na macho wazi. Wahenga walisema macho hayana pazia. Baadhi ya watoto hao wanalo, tena limekunjika kwa ndani tangu siku ya kuzaliwa, nywele zake zikikwaruza jicho, na daktari yupo, na simu ya kulipia ipo. Jike letu, naona, limeanza kutanuka ubavuni.