Elimu ya Kuitambua Hoteli ya Kichina

Mtu wa pwani, ambaye biriani yake ilishuka forodhani pamoja na mazulia ya Kiajemi, ambaye sambusa yake ilisukumwa na pepo za kaskazi hata ikatia nanga Mombasa, na ambaye chapati yake aliipokea kwa Mhindi kisha akasahau kuirudisha, angestahili kuwa mtu wa mwisho ulimwenguni kukaa kitako mbele ya sahani ya wenziwe na kuuliza kama kilichomo ni cha asili au si cha asili. Mambo hayako hivyo. Hapana makadhi walio wakali katika kesi za nasaba za vyakula kama sisi, wala hapana baraza likaalo mara nyingi kuliko lile la baada ya chakula cha usiku, wakati meno yanapochokonolewa na hukumu zinapotolewa.

Kadhi mkuu wa baraza hilo katika ukoo wetu ni shemeji yangu. Bwana huyu huuza viatu Kariakoo, na kwa ajili ya viatu huenda Guangzhou, kama waendavyo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Na ingawa viatu avirejeshavyo aghalabu havivuki masika moja, elimu aliyorejea nayo haijachakaa hata leo. Alirudi akijua kugonga meza kwa ncha za vidole viwili anapomiminiwa chai, ambayo ndiyo shukrani ya watu wa Guangdong, na sasa akimiminiwa chai ya tangawizi nyumbani kwangu huigonga meza yangu mpaka watoto wakakimbilia mlangoni kutazama nani abishaye hodi. Alirudi pia akiijua desturi ya huko ya kusuuza vibakuli na vikombe kwa chai ya moto kabla ya kula, ijapokuwa dada yangu, aliyefuatana naye katika safari moja, hushuhudia kwa kiapo kwamba siku ya kwanza yale maji ya kusuuzia shemeji aliyanywa, akayasifu, akaomba aongezwe.

Kwa mujibu wa mwanachuoni huyu, hoteli ya kweli ya Kichina hutambulikana kwa dalili, na dalili ya kwanza ni uhaba wa mapambo. Ukiona mlangoni pana taa nyekundu zisizo idadi, ukutani joka la dhahabu, na juu ya sanduku la fedha paka wa plastiki apungaye mkono, basi, asema, geuza uso urudi kwenu, kwani fedha iliyopasa kununua samaki imenunua joka. Insafu yanilazimu kusema kwamba yule paka hana hatia ya Uchina wala sifa yake, maana asili yake ni Ujapani. Lakini shemeji hapendi kukatizwa.

Dalili ya pili ni wateja: sharti wawe Wachina, tena sharti wawe wanapiga kelele. Hoja hii utaisikia kwa watu wengi, na ina sura ya hekima, ila mimi naona imejengwa juu ya dhana kwamba katika taifa la watu zaidi ya bilioni moja hapana hata mmoja mwenye ulimi mbovu, wala mvivu wa kutembea, wala mwenye deni katika hoteli iliyo bora zaidi. Nimezijua hoteli za Waswahili zijaazo Waswahili watupu tangu adhuhuri hata magharibi, ilhali wali wake una mawe na mchuzi wake ni maji yaliyopitiwa na nyanya kwa mbali. Lakini televisheni ni kubwa na mpira unaonyeshwa. Akitokea msafiri wa Shanghai akachungulia dirishani, akawaambia wenziwe, "Hapa ndipo penyewe, tazameni wenyeji walivyojaa," nani atakayemwokoa?

Dalili ya tatu ndiyo iliyotutia katika mtihani. Husema shemeji kwamba hoteli halisi ina orodha mbili za vyakula: moja ya kitabu, yenye picha, iliyotengenezwa kwa ajili yetu sisi, ambamo kila kitu ni chekundu na kitamu, na nyingine iliyoandikwa kwa Kichina kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ndimo vilimofichwa vyakula walavyo wenyewe. Wala si uzushi. Ni jambo lijulikanalo katika miji mingi ya ugenini waliyokaa Wachina kwa wingi. Basi usiku ule aliotualika, katika hoteli moja ya Dar es Salaam nisiyoona haja ya kuitaja jina, shemeji aliisukuma kando ile orodha ya picha kwa mgongo wa mkono, akainua kidole kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa huko, akaielekeza karatasi ya rangi ya waridi iliyobandikwa juu ya jokofu, akasema, "Ile. Sahani mbili." Mhudumu, binti wa Songea mwenye staha nyingi, aliitazama karatasi, akamtazama shemeji, akairudia karatasi.

"Samahani, mzee wangu," akasema, "ile inakataza kuvuta sigara."

Ili kuifunika fedheha, binti alimwita mwenye hoteli, kijana mchangamfu ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga lakini kimejaa nia njema. Dada yangu, ambaye asili ya chakula haimshughulishi maadamu uhalali wake umethibiti, akaona ndiyo fursa ya kuuliza swali lake. "Kuna nguruwe?" Kijana uso ukamng'aa. "Ipo! Ipo!" akajibu, akaandika. Dada akakunja uso, akatikisa kidole kimoja mbele yake: "Nguruwe! Nguruwe!" Kijana akakitazama kile kidole, akaandika moja zaidi. Na kadiri dada yangu alivyozidi kupaza sauti ndivyo nguruwe walivyozidi kuongezeka daftarini, na kijana akizidi kutusujudia kwa furaha ya mtu aliyepata wateja wa maana, hata meza za jirani zikaanza kututazama kama wana wa ukoo mmoja uliotoka katika dini. Aliyetuokoa ni yule yule binti wa Songea, kwa neno moja la Kichina ambalo laiti ningalijifunza. Nguruwe wote wakafutwa, na badala yao akaandikwa kuku.

Shemeji, aliyekuwa kimya muda wote huo kwa sababu za heshima yake, alichukua nafasi ile kutueleza kwamba Uchina wenyewe una Waislamu wengi, watu wa jamii ya Hui, na kwamba tambi za Lanzhou, zile zinazovutwa kwa mikono mitupu hata donge moja la unga likawa nyuzi nyembamba zisizohesabika na kuogeshwa katika supu ya ng'ombe, ni kazi ya mikono yao. Na kwamba yeye huko Guangzhou hula katika vibanda vyao, vyenye mbao za kijani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akashiba kwa bei ya kikombe cha kahawa ya hoteli kubwa. Hili ni kweli, na ndilo jambo la maana kuliko yote aliyoyasema usiku ule. Basi alilisema kwa haraka, akarejea kwenye dalili.

Kisha akafanya lile ambalo wajuzi wote wa vyakula vya ugenini hulifanya siku moja katika maisha yao. Alimwambia kijana, kwa msaada wa binti, "Tupikieni kama mnavyokula nyinyi wenyewe."

Wakatupikia. Kililetwa chano cha pilipili kavu nyekundu, lundo zima, na tulipouliza kuku yuko wapi tukaambiwa yumo humo, tumtafute. Tukamtafuta. Pilipili za kawaida zisingetushinda, kwani sisi si wageni wa ukali. Lakini ndani ya lile lundo mlikuwa na punje nyingine, ndogo, za rangi ya hudhurungi, zilizopasuka midomo, ambazo si pilipili manga wala pilipili hoho, bali ni maganda makavu ya tunda la mti ulio katika jamaa ya ndimu, na kazi yake si kuunguza bali ni kuutia ulimi ganzi. Dada yangu aliacha kutafuna, akaweka mkono kinywani, akauliza kwa sauti ya chini kama midomo yake bado ipo. Shemeji hakumjibu, kwa kuwa alikuwa katika uchunguzi kama huo juu ya midomo yake mwenyewe. Mimi maji niliyokunywa yalikuwa na ladha ya chuma, na chai niliyofuatishia ilikuwa na ladha ya umeme.

Ikabainika, baada ya kuuliza, kwamba mpishi ni mtu wa Sichuan, na elimu yote ya shemeji ni ya Guangdong, jimbo ambalo wapishi wake husifika kwa kumwacha samaki aonje kama samaki, na pilipili huitazama kwa mbali. Asili tuliyoitaka ilikuwapo mbele yetu, halisi isiyo doa, ila haikuwa ile tuliyoijua. Na nchi ile, Mungu akupe umri, ina majimbo zaidi ya ishirini.

Hata hiyo asili yenyewe, ukiifuata nyuma kwa subira, hukimbia mbele yako. Pilipili ile kali ambayo leo Msichuan na Mhindi hawawezi kuapa bila yake ni mzaliwa wa Amerika, haikujulikana Asia kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, na waliopata kuisambaza mashariki ni Wareno, wale wale waliotujengea Ngome ya Yesu kule Mombasa bila kuombwa. Kuku wa Manchurian, aagizwaye katika hoteli za Kihindi hapa kwetu kama chakula cha Wachina wa kale, husemwa kwamba alitungwa Bombay mwaka 1975 na mpishi Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Calcutta. Na huko Manchuria ukimwulizia utaonekana umepotea njia. Yule kuku mwingine wa Jenerali Tso, ambaye Wamarekani humla kwa mapenzi makubwa, alibuniwa Taiwan katika miaka ya 1950 na mpishi Peng Chang-kuei, takriban miaka sabini baada ya jenerali mwenyewe kuzikwa, na alipopelekwa Hunan, jimbo la jenerali, wenyeji walimwona ana sukari mno. Nayo hoteli ya kwanza ya Kihindi mjini London, aliyoifungua Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, mwaka 1810, yenye vyakula vya kwao na viko vya kuvutia tumbaku kama kwao, ilikuwa na dalili zote ambazo shemeji angeweza kuzitaka, na kufikia mwaka 1812 mwenyewe alikuwa amefilisika.

Niliyasema haya kwa shemeji, nusu yake nikiwa na ganzi. Akanijibu kwamba mimi nasoma sana. Shemeji hatishwi na ushahidi. Ni mtu ambaye aliwahi kuingia hoteli ya Kithai akadai vijiti vya kulia wali, akaletewa kijiko na uma, ambavyo ndivyo Wathai wenyewe hulia wali, naye akawahurumia kwa jinsi walivyoharibiwa na Wazungu.

Mimi ningependa tuulize kwanza kama chakula ni kizuri, na nasaba tuwaachie warithi. Hata kwa uzuri huo, dalili ninayoiamini haikai jikoni wala ukutani, bali katika kinywa cha mhudumu: ni neno "hapana". Hoteli ambayo kila kilichoandikwa kipo, saa yoyote, siku yoyote, vyakula mia mbili na ushei, hunitia wasiwasi, kwa kuwa naujua ukubwa wa majokofu. Lakini mhudumu akuambiaye, "Huyo samaki usimchukue leo, si wa leo," amekupa katika sentensi moja habari za jiko, za mpishi, za mwenye mali na za malezi yake mwenyewe. Na binti wa Songea alikuwa amemwambia shemeji maneno hayo hayo mapema usiku ule, akamshauri tambi za mboga, ambazo kijana na mkewe walikuwa wakila meza ya nyuma kwa kelele za kuridhisha. Shemeji akamjibu kwamba tambi hata nyumbani zipo. Nilikwenda peke yangu siku nyingine, nikazila, nikajua sababu ya kelele. Wali wao mweupe pia ni wa kusifiwa, na mtu awezaye kupika wali mweupe akaacha hivyo hivyo, bila kuutia rangi, nampa imani yangu karibu yote.

Ilipoletwa bili, shemeji alitukumbusha kwamba huko Uchina watu wenye murua hunyang'anyana karatasi hiyo, kila mmoja akilia kwamba yeye ndiye atakayelipa, hata mashati yakaweza kupasuka, na mshindi hutoka amepata heshima. Kisha akairukia, akapaza sauti, "Nalipa mimi!" na akabaki ameishika hewani, si mbali sana na mkono wangu, akingoja vita. Mimi ni mtu niziheshimuye sana mila za mataifa mengine, na sikuona kwamba ni adabu kumpokonya mwenzangu heshima aliyoitafuta Guangzhou kwa nauli kubwa. Nikakunja mikono. Dada yangu akaitazama dari. Baada ya muda wa kutosha kwa vita viwili, shemeji aliiteremsha ile karatasi akaisoma, nayo, kuanzia juu hata chini, ilikuwa imeandikwa kwa Kichina kitupu, isipokuwa jumla.

"Imeandikwa nini?" akauliza dada yangu.

"Ni halisi," akasema shemeji kwa sauti ndogo, "halisi kabisa," akaanza kuhesabu noti.