Sifa za E Mdakizi

Lukiano wa Samosata aliandika kwa Kigiriki sifa za nzi, akamsahau msumbufu mkubwa zaidi wa lugha yenyewe: ile e fupi inayotangaza wakati uliopita. Kwenye kitenzi sahili e hii ina adabu, hukaa mwanzoni: ballō ni “natupa”, eballon ni “nilikuwa nikitupa”. Kitenzi kikishaambatana na kihusishi, adabu inakwisha. Ekballō, “natupa nje”, huwa exeballon. E imejipenyeza katikati, na k, kwa kuona irabu mbele yake, imegeuka x. Mwanafunzi anayeitafuta exeballon kwenye kamusi kwa herufi hizohizo atarudi mikono mitupu.

Lawama huanzia hapo, na mimi naanzia hapo kusifu. Tazama symballō na emballō: n ya vihusishi syn na en imemezwa na b, ikawa m. E inapoingia kati huzitenganisha, na n hurudi kwao: syneballon, eneballon. Ni kitabu gani cha sarufi kinachofichua viungo vya neno kwa herufi moja tu?

Wapo watakaosema ni pambo, kwa kuwa miishio ya kitenzi yatosha kuonyesha njeo. Haitoshi. Ekballomen ni “tunatupa nje”, exeballomen ni “tulikuwa tukitupa nje”. Mwishio ni uleule, na bila e jana na leo zingechanganyika. Tena sisi tunaosema “tulitupa”, li ikiwa imebanwa kati ya nafsi na mzizi, tuna uso gani wa kulalamika?

Pingamizi zito ni kwamba e haina msimamo. Katheudō, “nalala”, hutoa ekatheudon, e ikiwa nje kabisa, ingawa Waathene walisema pia kathēudon. Anechomai, “navumilia”, huwa ēneichomēn, alama ikitiwa mara mbili. Kitenzi cha uvumilivu, bila shaka, kilistahili kujaribiwa. Lakini kosa si la e. Heudō, kitenzi sahili kilichomo ndani ya katheudō, peke yake ilibaki zaidi kwa washairi, na watu wakaanza kuiona katheudō kama neno moja lisilo na kiungo. E ilifuata masikio yao kwa uaminifu, na leo mtafiti huutambua usahaulifu huo kwa kuangalia tu ilipokaa.

Kigiriki cha sasa kimeipunguza sana, kwani mara nyingi hudondoka isipobeba mkazo. Hata hivyo Mgiriki anayesema “nilitia saini” bado hutamka ypegrapsa, na e imo katikati.