Heko kwa wenye Leica

Tuwavulie kofia vijana wa mjini kwa kufufua kamera za mkanda. Mojawapo, Leica M6, ilitoka mwaka 1984. Mwaka 2022 kiwanda kikaitoa upya, na bei yake yatosha kununua gari la mtumba. Gari lenyewe lina faida gani? Linabeba watu tu. Mkanda una picha 36, hivyo kila kikombe cha kahawa kinapigwa kwa taadhima ya kutawazwa mfalme. Baada ya hapo mkanda husafishwa, huskaniwa, na picha hutumwa kwenye simu. Simu ileile yenye kamera. Ama zile kamera za Yashica za wapiga picha wetu wa mtaani, maskini, hazikuwahi kupata hadhi: zililisha watoto tu.